Mnyororo, rula ya futi moja na gari linalolala

Siku mnyororo wa baiskeli yangu ulipoanza kuruka nilikuwa nakatiza barabara pale Ngamiani, nimesimama juu ya pedeli ili niwahi kabla ya lori. Kah! Mguu wa kulia ukazama bure, kifua kikagonga usukani, na dereva wa lori akanitolea maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Sikuanguka, lakini wiki nzima nilichechemea darasani, na wanafunzi wa kidato cha tatu wakaniuliza yote ya kuuliza.

Naishi upande wa Kange, shule iko mjini, kilomita sita hivi. Tanga ni mji wa baiskeli na sehemu kubwa ni tambarare, kwa hiyo gari langu, IST ya siku nyingi, nalitoa tu nikienda Soni kumwona mama au panapotokea msiba. Baiskeli yenyewe ni ya mtumba kutoka Japani, yenye kikapu mbele na gia sita nyuma. Nyuma meno 14 mpaka 28, mbele 38, nimeyahesabu mwenyewe. Kwa gia nzito, mzunguko mmoja wa pedeli unanisogeza mita tano na nusu hivi, kwa nyepesi nusu yake.

Fundi wangu ni mzee anayetandika gunia chini ya mwarobaini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Leo unaikokota?"

Nikamwambia mnyororo umelegea, tuupunguze. Kosa la kwanza, na lilikuwa langu. Alikata pingili mbili kama nilivyotaka, na nilipoweka gia yenye meno 28 mnyororo ukakaza mpaka kile kidude cha kuhamishia gia kikavutwa mbele kama kinataka kung'oka. Kuruka hakukukoma. Kwenye Phoenix, ile baiskeli ya gia moja, mnyororo ukilegea unavuta tairi la nyuma kidogo, unaacha mchezo wa kama sentimita moja, basi. Kwenye baiskeli ya gia urefu umepangwa utoshe meno makubwa, ukikata umeharibu.

Kosa la pili nililifanya dukani. Nikaomba mnyororo, nikapewa mnyororo, nikalipa. Kumbe ule ulikuwa mnene, wa Phoenix, na wa gia ni mwembamba. Urefu wa pingili ni uleule, nusu inchi kutoka pini hadi pini, ndiyo maana kwa macho huoni tofauti. Ila upana wa ndani wa ule mnene ni milimita 3.2, wa gia kama 2.4. Nikiweka gia ya tatu unakwaruza ya nne. Sasa siendi dukani bila kipande cha mnyororo wa zamani mfukoni.

Nikapata mwembamba. Mpya, unang'aa. Ukaruka kuliko ule wa zamani.

Hapo nilikasirika kweli, na mzee akanicheka. Akaning'inizia tairi la nyuma na kunionyesha meno ya friwili, yaani lile fungu la gia za nyuma, yale madogo ninayotumia kila siku. Yalikuwa yameinama upande mmoja, yamechongoka kama mapezi ya papa. "Vimezeeka pamoja hivi," akasema. "Ukimleta kijana hapa, hawatasikilizana."

Nafundisha fizikia, na ilinichukua jioni nzima kuikubali sentensi hiyo. Mnyororo hauvutiki kama mpira. Kinachotokea ni kwamba kila pini inasagika ndani ya tundu lake, kidogo kidogo, na nafasi hizo zikijumlishwa kwenye pingili mia na ushei, mnyororo mzima unarefuka. Nusu inchi inakuwa nusu inchi na unywele. Meno nayo yanalika kuufuata. Ukileta mnyororo wenye nusu inchi kamili, unapanda juu ya meno yaliyolika badala ya kukaa kwenye bonde, na ukikanyaga kwa nguvu unateleza. Kupunguza pingili hakusaidii kitu, maana zilizobaki bado ni ndefu.

Kwa hiyo friwili ilibidi itoke. Nusu siku ilipotea hapo. Friwili imefungwa kwa nyuzi, na kila unapokanyaga unaizidi kuikaza, miaka yote hiyo. Kifaa cha mzee cha kufungulia kilikuwa na meno mawili, yangu inataka cha mifuo ya ndani. Kijana mmoja akashauri patasi na nyundo. Nilikataa. Tukakiazima kifaa kwa fundi mwingine wa barabara ya pili, tukakibana kwenye jiliwa, mzee upande huu wa tairi na mimi upande ule, tukazungusha kama usukani wa meli. Ilipoachia ilitoa mlio nikadhani ekseli imekatika. Friwili mpya na kazi yake vilinigharimu bei ya minyororo mitatu.

Tangu siku hiyo natembea na rula ya chuma ya futi moja. Naweka sifuri katikati ya pini moja, mnyororo ukiwa umekazwa, natazama inchi ya 12. Mnyororo mpya una pini pale pale kwenye 12. Pini ikiwa imepita kwa nusu ya thumni ya inchi, yaani milimita moja na nusu, nabadilisha mnyororo peke yake, na friwili inapona. Ikipita kwa thumni nzima, mara nyingi nishachelewa. Rula ya plastiki usitumie, kingo zake zikilika kidogo tu inakudanganya.

Wenzangu ofisini huniuliza zaidi kuhusu oili. Zamani nilikuwa napakaa oili chafu ya gereji, ya bure, nyingi. Mnyororo ulinyamaza siku mbili, kisha vumbi la Kange likaganda, na oili na mchanga vikishachanganyika ni msasa. Sasa naufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, unakauka, natia tone moja la oili safi kwa kila pingili, nazungusha pedeli kinyumenyume, kisha nafuta ya juu yote. Inayofanya kazi ni iliyoingia ndani. Ya nje inakusanya uchafu tu na kuchafua suruali. Upepo wa bahari nao una chumvi, ukiuacha mkavu wiki mbili unaona kutu.

Gari lilikuwa na ugonjwa wa kinyume. Mwaka jana, saa kumi alfajiri, tunataka kwenda Soni kwenye msiba wa shangazi, nawasha, linatoa "tik". Lilikuwa limelala wiki tano. Kila Jumamosi nilikuwa naliwasha dakika tano hapo hapo uani nikidhani nalitunza. Kumbe kuwasha kunakula umeme wa betri, na dakika tano za kuunguruma bila kwenda hazirudishi ulioliwa. Jirani alinipa umeme wa gari lake kwa waya, chanya kwa chanya, na ule wa hasi tukaubana kwenye chuma cha injini yangu, mbali na betri.

Multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, ipo maabara ya shule miaka yote. Sikuwahi kuipima betri yangu mwenyewe! Nilipoipima ikiwa imepumzika ilisoma volti 11.9. Betri iliyojaa husoma kama 12.6, na ikiachwa chini muda mrefu sahani zake za risasi hushika ganda lisilotoka tena. Ile haikupona.

Sasa nikijua nitaliacha zaidi ya wiki mbili nafungua waya wa hasi. Redio inasahau stesheni na saa inarudi sifuri, hilo nimelizoea. La sivyo, Jumamosi moja baada ya nyingine naenda Muheza na kurudi, injini ipate moto sawasawa, nirudi na machungwa. Upepo wa matairi naupima kabla ya kutoka. Ada ya mwaka ya leseni ya gari iliondolewa mwaka 2017 ikapelekwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo gari lililolala halinidai hiyo, ila bima ni ileile litembee lisitembee.

Fundi gari alinishangaza jambo moja. Nilimwuliza lini nibadilishe mkanda wa taimingi, ule unaofungua na kufunga valvu za injini kwa wakati wake, akasema injini hii haina mkanda, ina mnyororo. Upo ndani, umefunikwa, unaoga oili muda wote, na watu wanakwenda nao kilomita laki mbili na zaidi. Ndiyo maana oili siku hizi naimwaga kila baada ya miezi sita hata kama gari halijafika kilomita elfu mbili.

Mnyororo wangu wa baiskeli una miezi minane sasa. Ukiondoa likizo, ni kama kilomita 1,600. Jana niliupima pale kwa mzee, pini imeanza kuupita mstari wa 12 kwa unywele. Akainama kutazama, akaichukua rula mkononi mwangu, akaenda nayo kwenye Phoenix ya mteja aliyekuwa anasubiri kuzibiwa pancha.

"Mwalimu," akasema bila kugeuka, "huyu naye umempita."

Mteja akauliza nini kimepita.