Mlio Uliojificha Kila Nilipoupima

Kisanduku kile nilikitengeneza kwa majivuno. Mpiga gitaa wa bendi yetu alikuwa amechoshwa na swichi yake ya mguu, nzito na iliyochakaa, akaniomba kitu cha kielektroniki: akigusa tu, gitaa lihame kutoka sauti kavu kwenda kwenye sauti yenye mwangwi. Nikachukua chipu ya 4066, ambayo ina swichi nne ndani yake, nikailisha volti 6 chanya na volti 6 hasi, nikafunga kila kitu ndani ya bati na kulipaka rangi nyeusi. Rangi ilinichukua muda mrefu kuliko kufikiri.

Siku ya onyesho, wimbo wa kwanza, akagusa. Spika zikatoa PWA! kama mtu aliyepasua mfuko wa karatasi mbele ya maiki. Waliokaa mbele wakashtuka. Akagusa tena kurudi: pwa ya pili, ndogo kidogo. Hakukigusa tena mpaka mwisho, na alipokirudisha hakusema neno. Alikiweka tu juu ya begi langu.

Usiku uleule nikakifungua. Mshukiwa wa kwanza alikuwa chipu, maana mtu hapendi kujishuku mwenyewe. Nikaweka nyingine, mlio haukubadilika. Basi nikashika mita, ncha moja kwenye atha, yaani waya wa sifuri ambao volti zote hupimwa kutoka kwake, nyingine kwenye mguu wa chipu unaopokea sauti ya mwangwi, swichi ikiwa imekata. Ikasoma volti mbili na ushei. Gitaa limelala, hapo palitakiwa sifuri. Nikiwa bado nakodoa macho, namba zikaanza kuteremka zenyewe, na baada ya kama nusu dakika zikakaribia sifuri. Nikabonyeza swichi mita ikiwa palepale: kimya. Nikaondoa mita, nikasubiri, nikabonyeza: pwa! Nikairudisha: kimya. Nilirudia mara nane au tisa. Ugonjwa ulikuwa unapona kila daktari akiingia chumbani.

Asubuhi nikampigia simu mzee aliyenifundisha kulehemu. Baada ya shikamoo na marahaba nikamsimulia. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, mita yako ndiyo dawa. Ndani yake mna ukinzani wa megaomu 10, njia nyembamba ya umeme kupita. Unadhani unapima, kumbe unamwaga chaji."

Nikakaa chini. Saketi ya mwangwi ilikuwa na betri yake ya volti 9, na sauti yake ilielea juu ya nusu ya hizo, yaani 4.5. Kati yake na swichi niliweka kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji, ya elektroliti ya mikrofaradi 1 ili izuie volti hizo tuli na kupitisha sauti peke yake. Ila kapasita za aina hiyo huvuja, kidogo sana lakini bila kuchoka. Swichi ikishakata, upande wa pili wa kapasita hauna pa kushika, nao ule uvujaji unaujaza taratibu. Swichi ikiunga, mzigo wote unamiminika kwa mpigo mmoja ndani ya amplifaya, na amplifaya haibagui, inaukuza kama muziki.

Dawa ilikuwa rezista, yaani kikinza umeme, ya megaomu 1 kutoka kila upande wa kila swichi kwenda atha, ili kila kituo kikae kwenye sifuri hata kisipotumika. Vijiti vinne vyenye mistari ya rangi. Pwa ikafa.

Ikabaki "tik", kavu, kama ukucha juu ya meza. Hii kweli ilikuwa ya chipu. Amri, yaani volti inayoiambia swichi iunge au ikate, inaporuka kutoka volti 6 hasi hadi 6 chanya, chembe ya chaji hupenya kutoka upande wa amri hadi kwenye njia ya sauti. Nikajaribu kuichelewesha amri kwa rezista na kapasita, nikasahau kwamba ndani ya 4066 kuna vigeuzi ambavyo huinoa tena ikawa kali kama mwanzo. Nikaing'oa chipu, nikaweka transista mbili za J113 zifanye kazi ya swichi, kila geti, yaani mguu wa amri, na megaomu 1 yake pamoja na kapasita ya nanofaradi 10. Ukizidisha hizo mbili unapata milisekunde 10, kipimo cha jinsi amri inavyocheleweshwa. Sauti moja inafifia huku nyingine ikiingia. Sikio halioni mshono, na hata wimbi likikatwa katikati ya safari yake halitoi mlio.

Kulikuwa na tik ya tatu, nayo sikuigundua kwa akili. Nilikuwa nageuza bati, mguu mmoja wa taa nyekundu ya LED ukakatika, na ghafla kisanduku kikawa kimya kabisa. Taa hiyo ilikuwa inarudisha umeme wake kwa waya uleule wa atha uliobeba sauti ya gitaa! Kila ikiwaka, waya ulitikisika. Nikaipa waya wake hadi kwenye betri. Baada ya hesabu zote zile, kosa la mwisho lilikuwa uvivu wa kukata waya wa pili.

Kwenye mazoezi yaliyofuata nilikiweka sakafuni bila maneno. Mpiga gitaa akagusa, akasubiri, akagusa tena, akainama kukitazama.

"Bado ni kibovu," akasema. "Sijasikia kitu."

Nikamwambia apige gitaa.