Nyimbo za Kuponda Sufu

Wajuzi wa muziki huzibeza albamu za mkusanyiko. Husema ni za watalii: wimbo mmoja wa huyu, mmoja wa yule, hujakaa na mtu ukamjua, umeshapelekwa kwingine. Mimi huzitetea kila nipatapo nafasi, maana bila albamu moja ya namna hiyo nisingeujua muziki wa Kikelti (Celtic), yaani wa asili ya Ayalandi, Uskoti na jirani zao, wala nisingejua pa kuanzia kuuliza.

Ilikuwa Desemba 1998, mjini Glasgow, Uskoti, mwaka wangu wa kwanza wa masomo. Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, karibu na Kelvinbridge. Msimu ule jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na baridi yake humkuta mtu wa Tanga hana la kujikinga. Niliingia duka la mitumba Byres Road kutafuta sweta. Sikupata linalonienea. Kwenye boksi chini ya rafu ya vikombe kulikuwa na sidi zimerundikwa, na mojawapo, yenye jalada lililopasuka kona, iliuzwa pauni mbili. Nyuma yake yaliandikwa majina ambayo sikuwahi kuyasikia: Clannad, The Chieftains, Alan Stivell, Altan, Capercaillie. Celtic niliyoijua mimi ilikuwa timu ya mpira tu. Nikalipa.

Redio ya sidi ilikuwa jikoni, basi nikaisikilizia huko huku namenya viazi. Wimbo wa kwanza ulikuwa ule wa Clannad wa 1982, uliotungwa kwa ajili ya tamthilia ya televisheni kuhusu machafuko ya Ayalandi ya Kaskazini. Hakuna ngoma ndani yake. Sauti zimepandana tabaka juu ya tabaka, kinanda cha umeme kimetanda chini, na maneno mengi ni ya Kiayalandi. Nikajiambia, kumbe huu ndio wenyewe, muziki wa ukungu. Ghafla wakaja The Chieftains, kundi lililoanzishwa na Paddy Moloney mjini Dublin mwaka 1962, wakanivuruga. Hapakuwa na ukungu wowote pale. Fidla inakimbia, filimbi inaikimbiza, na zumari ya mfuko inaunguruma katikati yao. Zumari ile haipulizwi kwa mdomo. Mpigaji hukandamiza mvukuto kwa kiwiko, ndiyo maana sauti yake haikatiki ili mtu avute pumzi. Baadaye kikafuata kinubi cha Stivell, wa Brittany kule Ufaransa, peke yake, kila uzi ukiachwa ulie mpaka uishe.

Nilikuwa bado najaribu kuviunganisha vitu hivi vitatu pale Capercaillie walipoanza.

Bibi alikuwa sebuleni. Alikuja mpaka mlangoni, taulo la vyombo mkononi, akasimama. Besi na ngoma zilikuwa za kisasa kabisa, za kuchezeka, na juu yake mwanamke, Karen Matheson, aliimba kwa Kigaeli, lugha ya kale ya Uskoti: ubeti mfupi kisha kiitikio, ubeti mfupi kisha kiitikio. Bibi akaanza kuitikia. Sikuwahi kumsikia akiimba hata mara moja. Akavuta kiti, akakaa, na kiganja chake kikaanza kuipiga meza.

"Mama yangu aliuimba huu," akaniambia. "Wa kupondea sufu."

Alizaliwa South Uist, kisiwa cha magharibi mwa Uskoti, na utotoni alikuwa akikaa chini ya ubao akisikiliza wanawake wakiponda. Enzi hizo kitambaa cha sufu kikitoka kwenye mtambo wa kufumia kinakuwa kimelegea, upepo unapita. Basi hulowekwa kwenye mkojo uliolazwa siku nyingi, wanawake wakaketi pande mbili za ubao mrefu, wakakigonga na kukisukuma kwa pamoja mpaka kikazane na kuwa kizito. Mmoja huongoza wimbo, wengine huitikia kwa silabi zisizo na maana yoyote isipokuwa kushika mapigo. Baada ya nyimbo kadhaa hukipima upana kwa urefu wa kidole cha kati. Kama bado, wimbo mwingine.

Alinionyesha. Alilowesha taulo chini ya bomba, akalikamua kidogo, akalitandika mezani na kuniamuru niketi upande wa pili. Piga, sukuma, vuta, kisha mpitishie jirani wa kushoto. "Kwa njia ya jua," alisisitiza, maana kukizungusha kitambaa kinyume chake ni nuksi. Maji yaliturukia mpaka usoni. Mkono wake ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na hakukosa pigo hata moja. Kwetu nimewasikia wanawake wakiimba huku michi miwili ikipishana kwenye kinu kimoja, kwa hiyo mwili wangu uliishika kazi ile kabla sijaielewa.

Wimbo ulipokwisha nilinyoosha mkono niurudishe. Akanizuia. Katika kuponda, wimbo ulioimbwa haurudiwi siku ile. Tukauacha upite.

Nilimwuliza kama hakukerwa na lile besi. Nilitarajia aseme vijana wameharibu, kama wazee wa kila mahali. Alifikiri kidogo, akasema, "Sasa hivi hakuna mikono. Lazima kitu kigonge."

Usiku huo niliurudia chumbani kwa vispika vya masikioni, mara nyingi, na nikasikia alichokisema. Ngoma inaangukia palepale kilipoangukia kiganja chake. Kumbe wale wapigaji hawakuuvika wimbo wa kale nguo mpya ili uuzike. Waliujengea ubao. Mwaka 1992 wimbo wao wa aina hiyohiyo uliingia katika 40 bora za Uingereza, wa kwanza wa Kigaeli cha Uskoti kufika huko, na maelfu walioucheza hawakuwa na habari kwamba wanaponda kitambaa.

Kuanzia hapo nilikisoma kijitabu cha sidi kama mtihani uko kesho. Kila jina nililitafuta. Nikajua kuwa kinubi cha Stivell kina historia fupi kuliko nilivyodhani: baba yake alikiunda upya mwaka 1953, baada ya ala hiyo kutoweka Brittany kwa karne kadhaa, na mtoto akajifunzia hicho. Nikajua kuwa buzuki, ala ya nyuzi ambayo leo huwezi kuuwazia muziki wa Ayalandi bila hiyo, ilitoka Ugiriki na kupokelewa na wanamuziki wa kule miaka ya 1960. Hilo halikunishangaza sana. Nimekulia mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, ambako taarabu ilibeba gitaa la umeme na bado ikawa taarabu, kwa hiyo wanaonikatia mpaka kati ya muziki wa asili na wa kisasa huwa siwasikilizi kwa makini.

Januari iliyofuata nilimnunulia Bibi tikiti, tukaenda pamoja kwenye tamasha la Celtic Connections, ambalo Glasgow imekuwa nalo tangu 1994. Alivaa koti lake la sufu.

Sasa ninazo albamu kamili za karibu wote waliokuwemo kwenye sidi ile. Hata hivyo sikio langu lilishapangwa na mtu nisiyemjua, aliyekaa mahali akaamua nani amfuate nani. Wimbo ule wa Clannad ukimalizika, popote nilipo, mimi husubiri fidla ya The Chieftains. Isipokuja, naona kama redio imeruka.