Mrindimo wa Sneya: Nilivyojifunza Kuuacha Mkwiro Udunde

Mimi ni fundi cherehani hapa Jinja, Uganda, na ngoma ilinifikia kupitia kazi hiyo. Mwaka juzi kanisa moja la mtaani kwetu lilinipa kazi ya kushona sare za bendi yake ya matarumbeta, makoti 22 ya samawati yenye utepe wa dhahabu mabegani, na kwa kuwa kila mpigaji alipaswa kupimwa, nilihudhuria mazoezi yao jioni tatu mfululizo nikiwa na tepu shingoni. Tangu utotoni nilikuwa nimeusikia mrindimo wa sneya kwa mbali, kila tarehe 9 Oktoba, sikukuu yetu ya uhuru, bendi inapojiandaa kupiga wimbo wa taifa na watu wote wanaposimama. Jioni ile nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwa mpigaji, nikaona kwamba mikono yake inakwenda polepole kuliko sauti niliyokuwa nikiisikia. Jambo hilo halikunitoka akilini. Nilipokabidhi koti la mwisho, niliomba nifundishwe.

Wimbo wetu wa taifa, uliotungwa na George Wilberforce Kakoma na kutumika tangu uhuru wa mwaka 1962, ni miongoni mwa nyimbo za taifa zilizo fupi kuliko zote duniani. Ubeti mmoja ukipigwa na bendi huisha kabla watoto hawajaacha kuchezacheza, na kwa sababu hiyo naona mrindimo unaoutangulia una uzito mkubwa, maana ndio unaowapa watu muda wa kunyamaza, kuvua kofia na kusimama wima. Ukiyumba, kila mtu huhisi, hata asiyejua lolote kuhusu ngoma.

Kwa ambaye hajawahi kuikaribia, sneya ni ngoma fupi yenye ngozi mbili: ya juu, inayopigwa kwa mikwiro, yaani vijiti vya kupigia ngoma, na ya chini, iliyo nyembamba zaidi, ambayo imepitishiwa nyuzi za chuma zilizosokotwa kama springi. Ngozi ya juu ikipigwa, hewa iliyomo ndani huisukuma ya chini, nayo hutikisika dhidi ya zile nyuzi na kutoa mchakacho unaoitofautisha sneya na ngoma nyingine zote. Siku hizi ngozi hizo huwa za plastiki, ila jina limebaki. Pembeni mwa ngoma kuna wenzo mdogo wa kuzikaza nyuzi au kuziachia, na ukiziachia, sneya hulia kama ngoma ya kawaida, kila pigo peke yake. Mchakacho huficha makosa mengi, kwa hiyo miezi yangu ya kwanza nilifanya mazoezi nyuzi zikiwa zimeachiwa, na ningemshauri kila anayeanza afanye vivyo hivyo hata kama sauti yake haimpendezi.

Mtu wa kwanza kunifundisha, ambaye sitamtaja, aliniambia jambo moja tu: piga haraka, kisha piga haraka zaidi. Nilimwamini. Kwa muda wa wiki sita nilikaza mikono kuanzia bega hadi ncha za vidole, nikipiga kulia, kushoto, kulia, kushoto kwa nguvu zangu zote, na nilichopata ni kelele isiyo sawa iliyodumu kwa sekunde nne au tano kabla mkono wa kushoto haujachoka kabisa. Kiwiko kikaanza kuniuma hata nilipokuwa nikikata kitambaa. Naandika haya kwa uchungu, kwa sababu najua wapo wanaoanza leo ambao wanaambiwa maneno hayo hayo, na wengi wao wataacha wakidhani hawana kipaji, ilhali walichokosa ni kuelezwa jinsi mkwiro unavyofanya kazi.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja aliyestaafu kutoka bendi ya jeshi, ambaye sote tunamwita Afande. Jinja ni mji wa kambi tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni, na lugha ya kambi ni Kiswahili. Yeye alifundishwa ngoma kwa Kiswahili, na mpaka leo hawezi kuifundisha kwa lugha nyingine. Akianza kwa Kisoga, neno la tatu tayari amerudi kwenye Kiswahili. Mimi niliyekulia katika nyumba za askari, binti wa dereva wa jeshi, nilijiona nimefika kwetu.

Siku ya kwanza hakuniruhusu kupiga. Alichukua mkwiro mmoja, akaushika kwa wepesi kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, akauachia uangukie ngozi kutoka kimo cha shubiri moja. Ukadunda wenyewe, ta, ta, ta-ta-ta-trrr, mpaka ukatulia.

"Nani amepiga?" akauliza.

"Mkwiro wenyewe, Afande."

"Basi, binti yangu, kazi yako ni kutouzuia."

Tulitumia wiki nzima kutafuta mahali pa kuushika. Ukiushika mbele mno, haudundi. Ukiushika nyuma mno, unakuwa mzito na kuchelewa kurudi. Mahali penyewe huwa karibu na theluthi moja kutoka mwisho ulio mnene, lakini mikwiro haifanani, kwa hiyo njia ya uhakika ni kuuangusha mara nyingi huku ukisogeza vidole kidogo kidogo, na kuhesabu ni wapi unapodunda mara nyingi zaidi. Nilipopapata pangu nilipafunga uzi mwekundu wa dukani kwangu, mizunguko mitatu, ili vidole vipatambue hata gizani. Kwa mazoezi ya nyumbani nilikata tyubu kuukuu ya pikipiki, nikaigundisha tabaka mbili juu ya ubao kwa gundi ya viatu. Ubao huo hudunda vizuri na hauwaamshi majirani, na umenifaa kuliko vifaa vingi ambavyo ningeviagiza kwa fedha nyingi.

Mrindimo wa kwanza aliotaka niujue ni ule wa mapigo mawili mawili: kulia-kulia, kushoto-kushoto. Hapa ndipo nilipopata jibu la swali nililokuwa nalo tangu jioni ya vipimo. Weka metronomu, kile kifaa kinacholia kwa mwendo sawa, kwenye 60, yaani mlio mmoja kila sekunde. Katika kila mlio mikono inatembea mara nne, kulia, kushoto, kulia, kushoto, na kila mkono ukishuka, mkwiro unagonga mara mbili. Sikio linasikia mapigo manane kwa sekunde moja, lakini mkono wa kulia umeshuka mara mbili tu, na wa kushoto mara mbili tu. Ukipandisha metronomu hadi 120, mapigo yanakuwa 16 kwa sekunde, na bado kila mkono unashuka mara nne tu. Hakuna mkono wowote unaokimbia. Nilipoifanya hesabu hiyo kwa chaki juu ya meza ya kukatia, nililegea mabega kwa mara ya kwanza tangu nianze kujifunza.

Afande alinikumbusha kwamba jambo hili si geni katika nchi yetu. Katika amadinda, ala ya Waganda yenye vibao 12, wapigaji huketi pande mbili wakitazamana; wa kwanza hupiga mapigo yenye nafasi sawa, na wa pili huingiza ya kwake katikati kabisa ya nafasi hizo, hata msikilizaji akasikia muziki wenye kasi ambayo hakuna hata mmoja wao anayeipiga. Wasoga nao hufanya hivyo kwenye embaire, ile yenye mbao kubwa zilizolazwa juu ya shimo. Niliwahi kusimama kando ya embaire katika sherehe nikajaribu kufuata mikono ya mpigaji mmoja, na kila nilipomtazama yeye peke yake, wimbo ulipotea. Mikono miwili kwenye sneya ni kama wapigaji hao wawili. Mmoja akizidi nguvu au akiwahi, nafasi ya mwenzake huharibika, na mrindimo huanza kuchechemea.

Kwangu aliyechechemea alikuwa pigo la pili. Pigo la kwanza linatoka kwenye kifundo cha mkono, hilo ni rahisi. La pili ni la mdundo, na mdundo peke yake huwa dhaifu, kwa hiyo badala ya ta-ta ta-ta ilisikika TA-ta TA-ta, kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. Nakijua kosa hili katika kushona. Pedali ya cherehani ya miguu ikikanyagwa kwa nguvu upande mmoja na kulegezwa upande wa pili, mishono hutoka mirefu na mifupi, na hata ukiipiga pasi nguo namna gani, mstari haunyooki. Dawa aliyonipa Afande ilikuwa ya aina mbili. Kwanza, nipige mapigo mawili mawili juu ya mto wa kulalia, ambao haudundishi chochote, ili mkono ulazimike kulitengeneza pigo la pili wenyewe, vidole vitatu vya nyuma vikiuvuta mkwiro kuelekea kiganjani mara tu baada ya pigo la kwanza. Pili, nirudi kwenye ubao na kulitilia nguvu la pili kwa makusudi, ta-TA ta-TA, mpaka yatakapokuwa sawa bila mimi kufikiri. Nilifanya hivyo kila asubuhi kabla ya kufungua duka, dakika kumi kwenye mto na kumi kwenye ubao, na ilichukua karibu miezi mitatu kabla sijafumba macho na kushindwa kutofautisha la kwanza na la pili.

Wapo wanaouliza kama mirindimo mingine ni ya lazima. Wapiga ngoma wa Marekani waliokutana Chicago mwaka 1933 walichagua mazoezi 13 ya msingi, baadaye yakawa 26, na mwaka 1984 chama cha Percussive Arts Society kikatoa orodha ya mazoezi 40, ambayo 15 kati yake ni mirindimo. Mimi naona anayeanza anahitaji mitatu tu: wa pigo moja moja, wa mawili mawili, na ule mfupi wa mapigo matano, yaani kulia-kulia, kushoto-kushoto, kulia, ambao unamfundisha kuumaliza mrindimo mahali anapotaka badala ya pale mkono unapochoka.

Baada ya hiyo ndipo uje mrindimo wa kukandamiza, ambao ndio unaotangulia wimbo wa taifa. Huu hauhesabiwi. Mkwiro unakandamizwa kidogo kwenye ngozi ili udunde mara nyingi ukizizima, zzzz, na kabla mzizimo wa mkono mmoja haujafa, mkono wa pili unauanza wake, na ile miwili inaingiliana. Ukikandamiza mno, sauti inasongwa. Ukikandamiza kidogo mno, midundo inahesabika. Nilidhani nimeujua, na Jumapili moja ya sherehe, mpigaji wa kawaida alipokuwa safarini, nikapewa sneya.

Kiongozi wa bendi aliinua mkono. Nilianza kwa sauti kubwa mara moja, watu wakasimama, na yeye akaendelea kuushikilia mkono juu kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea mazoezini kwa sababu mgeni wa heshima alikuwa bado hajafika mahali pake. Nilihisi mkono wa kushoto ukikaza kuanzia kwenye kiwiko, kama zamani. Nikakandamiza zaidi ili kuuokoa, sauti ikasongwa, kisha ikakatika. Palikuwa na ukimya wa sekunde mbili hivi kabla ya matarumbeta kuingia. Katika ukumbi wenye watu mia tatu, sekunde mbili hizo ni ndefu sana, na nilizibeba nyumbani.

Afande alikuwepo. Hakuniuliza kuhusu mikono.

"Ulikuwa unapumua?"

Nilipotafakari, niliona kwamba nilikuwa nimeizuia pumzi tangu mkono wa kiongozi ulipopanda. Tangu siku hiyo tulianza upya: kutoa pumzi taratibu kwanza, kuanza mrindimo kwa sauti ndogo kabisa karibu na ukingo wa ngoma, ambako sauti ni nyembamba, kisha kusogea kidogo kidogo kuelekea katikati huku ikikua, ili nguvu ibaki akiba hata kiongozi akichelewa. Alinitaka niushike mrindimo kwa dakika nzima huku nikizungumza naye kuhusu bei ya vitambaa. Mtu hawezi kuzungumza bila kupumua, na nilipoweza kujibu maswali yake bila sauti ya ngoma kubadilika, alijua kwamba mabega yamelegea kweli. Nimeupiga mrindimo huo mbele ya watu mara nne tangu wakati huo, na haujakatika.

Wiki iliyopita nilimpigia mapigo tisa, kulia-kulia, kushoto-kushoto, kulia-kulia, kushoto-kushoto, kulia, nyuzi zikiwa zimeachiwa, metronomu ikiwa kwenye 96. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo, akitazama nje ya dirisha kuelekea barabarani, na nilipomaliza alikaa kimya kidogo.

"Vizuri, mwanangu," akasema. "Sasa nipigie ukianzia kushoto."

Nilianza, na pigo la pili la kushoto likawa dhaifu tena, waziwazi kama siku za mto. Tulirudisha metronomu hadi 50.