Kuihamisha seva ya nyumbani kutoka Debian 10 hadi Debian 12

Seva yetu ni kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, yenye diski mbili ndani, na kwa miaka sita imekaa juu ya kabati la sebuleni ikitunza picha za ukoo mzima, hati ya kiwanja na vyeti vya shule vya wadogo zangu. Niliiwekea Debian 10, toleo la mfumo endeshi huria wa jamii ya Linux, mwaka 2019, na kwa kuwa haikuwahi kunisumbua niliiacha hivyo hata baada ya msaada wa muda mrefu wa toleo hilo kukoma tarehe 30 Juni 2024. Hapo nilikosea, kwa sababu mashine inayofikiwa kupitia intaneti kutoka kwenye simu za watu wanane haifai kukaa bila viraka vya usalama, yaani masasisho yanayoziba mianya.

Debian haiungi mkono kuruka toleo. Aliye kwenye 10 hupita kwanza 11, iliyotoka Agosti 2021, ndipo aende 12 ya Juni 2023, kwa kuwa vifurushi vya programu huandaliwa na kujaribiwa kwa mtu anayetoka kwenye toleo lililotangulia moja kwa moja. Nilitenga Jumamosi nzima, nikaunganisha skrini na kibodi kwenye seva yenyewe ili nisitegemee mtandao ambao ungeweza kukatika katikati ya kazi, kisha nikaangalia nafasi iliyobaki kwenye diski.

Diski ya mfumo ilikuwa imejaa kwa asilimia 91. Jambo hilo halikuniingia akilini, kwa sababu picha zote hukaa kwenye diski ya pili, na nakala rudufu huenda kwenye diski ya nje kila siku saa nane usiku. Nilipofuatilia folda moja baada ya nyingine nilifika /mnt/nakala, folda ambayo diski ya nje hupachikwa, yaani huunganishwa ili yaliyomo yaonekane hapo, nikaikuta imesheheni picha, ilhali diski yenyewe haikuwa imepachikwa kabisa. Waya wake ulikuwa umelegea. Kwa miezi mingi programu ya kunakili ilikuwa ikiiona folda ipo, ikaandika humo bila kulalamika, na nakala zikawa zinarundikana ndani ya kompyuta ile ile ambayo nilitaka kuzikinga dhidi ya kuharibika kwake. Niliichomeka diski ya nje kwenye kompyuta mpakato, na picha ya mwisho iliyokuwemo ilikuwa ya Machi ya mwaka uliopita. Harusi ya dada yangu, ambayo mama huiulizia kila anapopiga simu, haikuwemo.

Sikugusa toleo siku hiyo. Nilibadilisha waya, nikanakili kila kitu upya, kisha nikafungua picha mia moja hivi kutoka kwenye nakala ili nione kwa macho yangu kwamba zinafunguka.

Jumamosi iliyofuata kazi yenyewe ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Anayeifanya azingatie kwamba kutoka 10 kwenda 11 haitoshi kubadilisha jina buster (la toleo la 10) kuwa bullseye (la 11) kwenye orodha ya hazina ambako programu hupakuliwa, kwa kuwa hazina ya usalama iliyoandikwa buster/updates sasa huandikwa bullseye-security, na kwamba katika 12 programu za ndani za kadi za mtandao zimehamishiwa sehemu mpya iitwayo non-free-firmware. Hifadhidata ya albamu nayo ilihitaji subira. Debian 11 huleta PostgreSQL 13, toleo jipya la programu inayoendesha hifadhidata hiyo, na kuiweka kando ya ile ya zamani ikiwa tupu, na data haihami mpaka uihamishe mwenyewe kwa amri ya pg_upgradecluster, kwa hiyo usiifute ya zamani kwa haraka ya kusafisha.

Baada ya kufika 12 niliwasha mashine upya na kufungua /srv/picha, folda ambayo diski ya picha hupachikwa. Badala ya folda za miaka nilikuta bin, etc, home na usr, ambazo ni folda za mfumo wenyewe. Nilikaa kimya mbele ya skrini kwa muda, moyo ukinienda mbio, kabla ya kuelewa kwamba nilikuwa nikiitazama diski ya mfumo kupitia mlango wa picha. Kwenye fstab, faili inayoueleza mfumo diski ipi ipachikwe wapi, nilikuwa nimeandika /dev/sdb1, lakini majina hayo hugawiwa kwa jinsi diski zinavyotambuliwa wakati wa kuwaka, na safari hii keneli mpya, yaani kiini cha mfumo, ilizitambua kwa mpangilio tofauti. Picha zilikuwa salama kwenye diski yake, ila hakuna aliyeipachika.

Kilichonitisha zaidi ni saa. Programu yangu ya kunakili ilikuwa na chaguo la kufuta kwenye nakala chochote kisichokuwepo tena kwenye chanzo, na kama ningekwenda kulala bila kufungua folda ile, saa nane usiku ingezifuta picha zote za diski ya nje na kuweka faili za mfumo mahali pake.

Nimeandika UUID za diski zote kwenye fstab, yaani namba za utambulisho zisizobadilika kwa mpangilio wa kuwaka. Programu ya kunakili sasa huanza kwa amri ya mountpoint, inayoangalia kama kuna diski iliyopachikwa kwenye folda, kwenye chanzo na kwenye nakala, na mojawapo isipokuwa imepachikwa husimama papo hapo na kunitumia barua pepe. Niliijaribu kwa kuchomoa waya wa diski ya nje kwa makusudi, na asubuhi barua ilikuwa imefika.