Ukurasa Mmoja wa Insha Ulivyonichagulia Shule

Nilipofungua begi la kijana wangu jioni ile nilikuta karatasi mbili zilizokunjwa. Alikuwa Gredi ya 7, na mwalimu alikuwa amemwagiza aandike "nitasoma vizuri" mara 100. Neno "vizuri" alikuwa ameliandika kwa njia tano: virizu, vuziri, vizuir, vizri, na mara chache vizuri yenyewe. Chini kabisa, kwa wino mwekundu: "Rudia."

Shule hiyo ilikuwa ya Kikatoliki, ya binafsi, na nilimpeleka pale kwa sababu ya sentensi moja tu kwenye kijitabu chao, kwamba wanafunzi wanaolemewa husaidiwa. Msaada wenyewe nilikuja kuuona baadaye. Ni tuisheni ya saa kumi na moja jioni, mwalimu yule yule, ubao ule ule, sauti imepandishwa. Nililipa mihula miwili nikamtoa.

Hapo ndipo washauri walipofurika. Shemeji yangu: "Mpeleke bweni huko mashambani, atanyooka." Mama mmoja wa jumuiya: "Ni uzembe, mnyang'anye simu." Mwingine: "Mwombee." Namwombea, na rozari yetu ya jioni haijawahi kukosa jina lake. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa naye mezani akamwona anavyohangaika na mstari mmoja wa Kiingereza mpaka jasho linamtoka puani. Huyu ndiye anayewatengenezea majirani redio zao. Uzembe uko wapi?

Aliyenifaa ni jirani aliyenielekeza KISE, taasisi ya elimu maalumu iliyoko Kasarani, Nairobi. Nilikuwa nimeshapigia kliniki moja ya binafsi, wakataka elfu kumi na kitu, nikakata simu. Basi tukapanda matatu ya Outering mpaka Allsops, tukaunganisha za Mwiki. Jibu: disleksia. Macho yake mazima, akili yake nzima, ila kuunganisha herufi na sauti yake ndiko kunakompa taabu. Nikaelewa kwa nini Kiswahili anakisoma polepole lakini anafika, kwa kuwa kinaandikwa kinavyotamkwa, halafu Kiingereza kinamwangusha kila siku. Ripoti ile itafute mapema na utoe kopi nyingi. Mtoto akihitaji muda wa ziada kwenye mtihani wa KNEC, baraza la mitihani la Kenya, shule ndiyo inayomwombea wakati wa usajili, na bila ripoti hawana cha kuonyesha.

Mwaka wa 2025 akafika Gredi ya 9, kundi la kwanza kufanya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, na kuingia Sekondari Pevu, yaani Gredi ya 10, Januari 2026. Wazazi wenzangu walikuwa wanabishana kuhusu mikondo ya masomo, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) au Sayansi ya Jamii au Sanaa na Michezo. Mimi nilitaka kujua nani atakayeusoma mwandiko wa mwanangu.

Kuna jambo ambalo Wakatoliki wengi hatulijui. Shule nyingi tunazoziita za Kanisa ni za umma. Kanisa ni mdhamini: lina wawakilishi kwenye bodi na linaangalia malezi ya kiroho, lakini walimu ni wa TSC, tume ya serikali inayowaajiri, na wizara ndiyo inayowapangia wanafunzi nafasi. Nyingine ni za binafsi, za mashirika ya watawa au za jimbo, na huko unaongea na wenyewe ana kwa ana. Jina la mtakatifu langoni halikuambii kama ndani kuna mtu anayeijua disleksia.

Sasa nisikilize hapa, maana hiki ndicho ninachojivunia. Niliacha kabisa kuuliza "Mna msaada?" kwa sababu kila ofisi hujibu ndiyo. Nilichukua insha yake moja ya Kiswahili, safari ya kwenda Mombasa kwa treni, nikafunika jina nikatoa kopi. Kila shule niliyoingia niliomba kuonana na mwalimu anayefundisha lugha, nikamwekea karatasi mbele: "Mwalimu, ukiletewa hii utafanyaje?"

Wa kwanza aliitazama kwa muda wa kuhesabu mpaka tano. "Huyu hajakomaa kwa shule yetu." Wa pili alichukua kalamu nyekundu na kuanza kuzungushia makosa, alipofika la kumi na tisa nikainuka nikamshukuru. Wa tatu aliniambia wana mshauri nasaha mzuri sana. Nikatoka.

Shule ya nne ni ya masista, ya kutwa. Sista aliyenipokea alivaa miwani, akaisoma yote kimya, kisha akarudi kwenye mstari wa sita akausoma kwa sauti: "Treni ilipita kwenye daraja na twiga alituangalia kama anatuhesabu." Kwenye karatasi, twiga alikuwa "tigwa" na daraja lilikuwa "baraja". Akaniangalia. "Mama, huyu anachanganya b na d. Ningemwita kwanza anisimulie kwa mdomo, kisha tuandike pamoja. Na ningetaka kujua twiga alifanya nini baadaye."

Nililia pale ofisini, sioni haya kusema. Akanionyesha chumba chenyewe: meza nne, karatasi za mtihani zilizochapwa kwa herufi kubwa, mwalimu mmoja aliyesomea elimu maalumu akimsomea msichana maswali ya Bayolojia. Niliporudi mara ya pili nilienda bila kuarifu, siku ya Alhamisi. Chumba kilikuwa na watu.

Interviu, fomu, sare, hayo mnayajua. Karo ni shilingi elfu hamsini na kitu kwa muhula, ukiongeza basi na chakula inasogea. Chama kilinikopesha ya muhula wa kwanza.

Kiingereza bado ni mlima. Jumatatu iliyopita aliniachia karatasi mezani: "Mama nitachelwa, tuna mzoezi ya dasketi." Nikaisoma, nikamwekea chakula kwenye hotipoti.