Kile kiazi kigumu

Februari nilipanda kwetu Matamba, kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kwa ile barabara ya Chimala yenye kona 57. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kule Kitulo, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, okidi zilikuwa zimechanua. Okidi aina ya Disa, nyekundu, katikati ya majani mafupi, na aina ya Satyrium, za waridi, kwenye majimaji. Bustani ya Mungu, ndivyo tunavyopaita. Tangu 2005 ni hifadhi ya taifa, yenye aina zipatazo 45 za okidi zinazoota ardhini.

Mimi nimezichimba okidi, kwa ajili ya viazi vyake vya chini ya ardhi. Nilikuwa darasa la sita, tukishuka na vijembe kwenye bonde la kijijini kujaza debe. Mnunuzi alipeleka Tunduma mpakani, zikavuka kwenda Zambia. Kule hutwangwa, zikachanganywa na karanga, pilipili na magadi, zikapikwa mpaka zigande na kukatwa vipande. Hiyo ndiyo chikanda. Fedha ile ilininunulia viatu vya shule, na siisahau.

Lakini ngoja nieleze tulivyokuwa tunachimba. Ukifukua mche unakuta viazi viwili vidogo. Kimoja kimesinyaa, ukikibonyeza kinabonyea. Hicho ndicho kilichotoa ua la mwaka huu. Cha pili ni kigumu, kimejaa. Hicho ni cha mwakani. Mnunuzi alitaka kigumu tu. Basi tulitupa cha zamani pamoja na shina lake, tukatia cha mwakani kwenye debe. Na mbegu za okidi ni kama vumbi, hazina akiba yoyote ya chakula. Zisipokutana na kuvu wake udongoni, haziwezi kuota. Tulikuwa tunasubiri zirudi zenyewe. Hazikurudi.

Miaka ya 2000 watafiti walikadiria kuwa viazi vya okidi vinavyotoka nyanda zetu kwenda Zambia vinafika milioni 4 kwa mwaka. Nikikumbuka madebe ya kijiji kimoja tu, naamini.

Lile bonde sasa limelimwa viazi mviringo mpaka ukingoni mwa kijito. Nililizunguka lote na shangazi, ambaye ndiye aliyenifundisha kubonyeza. Tulikuta Satyrium moja, kando ya mfereji. Shangazi hakusema kitu. Alikata fito nne, akazichomeka kuizunguka, na jioni akawaita wajukuu wote akawaonyesha mahali ambapo jembe lisifike.