Siku Moja Maishani Mwangu: Mhakiki wa Pipeti

Saa moja na nusu asubuhi huwa nimeshaingia kwenye chumba cha mizani. Kazi yangu ni kuhakiki pipeti, vile vifaa vya mkononi ambavyo watafiti hunyonyea vimiminika kwa mikrolita, na mikrolita moja ni sehemu moja ya milioni ya lita. Kwanza napanga pipeti, ncha zake na maji safi mahali pamoja, kisha naviacha kwa saa mbili au zaidi ili vyote viwe na joto moja. Pistoni ya pipeti, yaani kijiti cha ndani kinachopanda na kushuka kwa kidole gumba, haigusi kimiminika. Kati yao kuna hewa, na hewa ikipata joto, hata la kiganja tu, hutanuka na kuharibu kipimo.

Saa nne naanza na pipeti kubwa za mikrolita 1,000, ambazo hazinisumbui.

Saa sita ndipo nilipoishika ya mikrolita 10. Namna ya kuhakiki ni kupima uzito: mikrolita 1 ya maji ina takriban miligramu 1, kwa hiyo mizani yangu husoma hadi sehemu moja ya elfu ya miligramu. Vipimo 10 vinatakiwa kwa kila ujazo, na ujazo wa chini kabisa hapa ni mikrolita 1. Maji hayo huanza kuwa mvuke mara tu yanapotua kichupani, na namba hushuka huku ukizitazama. Nilikuwa katikati ya mfululizo huo mtafiti mwenye pipeti alipofungua mlango, upepo ukaingia, mizani ikayumba.

“Dada, bado tu? Si tone la maji tu hilo?”

Tone la kawaida lina mikrolita 50 hivi, nikamjibu, na mimi napima moja. Nikaanza upya. Baada ya muda akarudi, mlango ukafunguliwa tena, nami nikaanza upya tena, shingo ikiuma na kidole gumba kikiwa kizito. Nilikasirika, kwa sababu majaribio yake ndiyo yaliyokuwa yakimpa majibu yasiyolingana, na chanzo kilikuwa mkononi mwangu.

Kosa linaloruhusiwa kwa pipeti hiyo ikijazwa kamili ni mikrolita 0.12, yake ilipungukiwa na zaidi ya hapo. Niliijaza, nikaishika wima bila kuibonyeza, na maji yakajikusanya taratibu kwenye mdomo wa ncha: hewa ilikuwa ikivuja. Nilipoifungua, mpira wa pistoni ulikuwa umelika upande mmoja.

Nikabadilisha mpira, nikapaka grisi kidogo sana, nikarudia vipimo vyote kuanzia mwanzo. Safari hii namba zilikaa pamoja, na sikuficha furaha yangu. Jioni nilibandika lebo yenye tarehe, nikamkabidhi pipeti na karatasi ya vipimo vya kabla na baada ya matengenezo, nikamshauri arudie majaribio aliyoyafanya nayo. Pipeti ya mikrolita 2 niliiacha hadi kesho, kwa kuwa kidole kilichochoka hakiachii pistoni kwa mwendo mmoja.